Mkono Niliosema Nimeuona

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Wamaza, niliamini kwamba wafu huita mara moja tu, tena huita upande wa kushoto. Bibi ndiye aliyetufundisha. Ukisikia jina lako likiitwa mara moja, unyamaze, usigeuke, ukiitika, wamekushika. Kila tulipopita karibu na makaburi nilikuwa naziba sikio la kushoto kwa kiganja.

Kwa hiyo Mwamini, mdogo wake mama yangu, alipoanza kulalamika kwamba sikio lake la kushoto linalia, nyumba nzima ilimgeukia Bibi.

"Inalia kama nyenje," alisema. "Haipumuzike hata kidogo."

Alikuwa bado kijana, mwenye nguvu, anayebeba beseni la mihogo kichwani bila kulishika. Miezi ikapita, akaanza kulishika. Halafu akaanza kutembea akienda upande, akigusa kuta za nyumba. Ukimwita kutoka kushoto, haitiki. Bibi alimtazama siku moja, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu amekwisha kuitika kule."

Tangu hapo nilimwogopa mtu aliyenibeba mgongoni.

Asubuhi moja tulikwenda wawili mtoni kutoa mihogo tuliyoloweka. Kazi ilipokwisha, mama mdogo akajipaka sabuni usoni, akafumba macho, akainama kujisuuza. Nikamwona akipinda kushoto, polepole, kama anayevutwa, mpaka akaanguka majini. Hakupiga kelele. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikaja upande wangu. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nikakimbia.

Mwanamke aliyekuwa akifua nguo chini kidogo ndiye aliyemtoa. Mimi nilifika nyumbani peke yangu, na Bibi aliponiuliza kwa nini nimemwacha mwenzangu, niliona haya kusema niliogopa.

"Iko mukono ulitoka mu maji," nikasema. "Ulimuvuta kwa sikio."

"Uliuona na macho yako?"

"Niliuona."

Basi. Wazee walikaa, mtu wa dawa akaitwa, akamtilia sikioni maji ya majani yakiwa bado ya moto. Mama mdogo alilia sana. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimejikojolea, na sikusema neno. Sikio halikupona. Watu wakaacha kula alichopika, hata mama yangu. Mwishowe akahamia mjini Kasongo, akawa anaishi peke yake na kuuza unga.

Nilipokua nilipata kazi ya ualimu hukohuko Kasongo. Alikuwa ameanza kuanguka hata barabarani, ndipo nikampeleka hospitalini. Dokta alimwambia asimame, aunganishe miguu, afumbe macho. Akapinda kushoto. Safari hii nilimdaka.

Tulitumwa Bukavu akapigwe picha ya kichwa. Dokta wa huko, mama wa makamo, alituonyesha kidoa cheupe ndani kabisa, nyuma ya sikio.

"Ni uvimbe, lakini haiko kansa," alisema. "Umeota ku mushipa unaopeleka sauti na usawa wa mwili mu kichwa. Ndiyo maana sikio lilianza kulia, kiisha likaacha kusikia, na mama anayumba. Akifumba macho inazidi, sababu macho ndiyo yanamusaidia kusimama."

Alisema unakua polepole sana. Watamwangalia kila mwaka. Ukianza kubana ubongo, watazungumza habari ya kupasua. Sikio lenyewe halitarudi.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la nje. Nilikaa kulia kwake ili anisikie.

"Mama mudogo, ule mukono... sikuuona. Nilisema bongo, uongo mutupu."

Alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

"Mimi niliuona," akasema. "Kila nikifumba macho, miaka hii yote. Niliuona kwa sababu ulisema."

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama tutapata gari la kurudi, na njiani alisinzia.

Siku hizi ananawa uso akiwa ameketi, na anacheka zaidi ya zamani. Watu huniambia nilimwokoa kwa kumpeleka kwa madaktari. Uvimbe ulimwondolea sikio moja na uwezo wa kusimama imara. Hofu iliyomtoa kwao haikutoka kwenye mshipa wowote. Mimi ndimi niliyempa, nikiwa na miaka minane, ili nisionekane mwoga.