Herufi Nene za Ambroise

Ambroise, mchora vibao wa mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, alijua aina moja tu ya herufi, nayo ndiyo iliyomlisha: nene, ya mviringo, isiyo na pembe popote, ncha zake laini kama vidole vya mtoto mchanga. Wenye saluni waliipenda, na wauza vitenge, na shule za chekechea, maana ilimchekea mpita njia hata kabla hajaisoma. Mwanasheria mmoja aliikataa. Alisema hakuna atakayeleta kesi ya shamba mahali palipoandikwa kama duka la peremende. Ambroise hakukasirika. Herufi ile haikujua kununa.

Binti yake Dorothée, wa miaka sita, alijifunzia kusoma kwenye vibao hivyo. Herufi nyembamba za vitabu zilimchanganya, lakini za baba yake alizisoma toka ng'ambo ya barabara, na jina lake alilipenda kwa sababu ya zile O mbili, zilizoshiba kama maandazi.

Likizo ilimkuta kwa bibi yake, katika kijiji cha Fataki. Risasi zilipolia watu walitawanyika vichakani, na bibi alifika Bunia peke yake, hawezi kueleza mtoto alimponyoka wapi. Ambroise alizunguka kambi za waliokimbia, akauliza makanisani, akatangaza redioni. Mwishowe aliomba ukuta mweupe wa ghala moja, kwenye barabara inayotoka Fataki, akaandika DOROTHEE kwa bluu iliyokolea, kila herufi kimo cha mtu. Kandokando aliacha weupe mtupu. Herufi nene hutaka nafasi ya kupumua. Ikisongwa hugeuka doa. Kisha akaketi chini yake, akasubiri.

Waliokuja ni akina mama. Wa kwanza alimwomba amwandikie jina la mwanawe Gauthier, aliyepotea vilevile, na Ambroise angemnyimaje? Wa pili akaja, na wengine, mpaka ukuta ukajaa majina. Siku moja alivuka barabara ili autazame kama mtoto atakavyoutazama, na yeye mwenyewe, aliyeyaandika yote, akalitafuta jina la binti yake kwa macho asilione mara moja.

Kesho yake alikuja na mkebe wa rangi nyeupe. Alikuwa ameshaufungua wakati mama mmoja, mtoto mgongoni, alipomsogelea kwa ajili ya bintiye mkubwa, Mireille.

"Mama, nikiongeza hata moya, hakuna mwenye ataonekana," Ambroise alisema.

Yule mama aliutazama mkebe, akautazama ukuta.

"Basi utafuta jina la nani, Baba Dorothée?"

Ambroise alisimama mbele ya jina la Gauthier, brashi ikidondosha matone meupe kwenye viatu vyake. Kisha akasogea, akafuta jina la binti yake, O moja, kisha ya pili, akaandika MIREILLE mahali pake.

Rangi ya bluu iliyobaki aliimalizia kwa kuandika DOROTHEE kwenye kipande cha triplai, ubao mwembamba. Alikifunga kifuani kwa kamba, akashika njia ya Fataki, akipishana na watu waliobeba magodoro kichwani. Baadhi yao walilisoma jina, wakatikisa kichwa.

Kwenye kizuizi, kamba iliyokatiza barabara, askari walimsimamisha.

"Papa, rudi. Huko hakuna njia."

Hakurudi. Alisogea hadi kwenye kamba yenyewe, akasimama wima, ubao ukielekea upande wa Fataki, barabara ikiwa tupu hadi kwenye kona.