Theluji ya Pamba

Mwalimu wa shule ya Jumapili hukunja karatasi bila kuitazama, macho yake yakiwa kwa watoto. Hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo mara mbili, kisha huchukua mkasi wake uliofungwa uzi mwekundu pale mpini ulipovunjika, na kukata huku akihema kwa mdomo. Watoto huleta walichopata nyumbani: pakiti za maziwa, vijiti vya kiberiti, pamba. Jumamosi moja ya Desemba walikuwa kanisani wakitengeneza theluji ya Krismasi, nami nimeketi kando nikiwatazama. "Mwalimu, si hii ni mvua ya mawe?" mmoja akauliza. "Ndiyo, lakini hii haipigi majani chai shambani," akajibu bila kucheka.

Ndipo mjukuu wangu Nelvine akampa karatasi aliyoitoa kwenye sanduku langu. Niliitambua kwa nembo: barua ya kiwanda cha chai iliyomfukuza kazi marehemu mume wangu, ambaye kanisa zima linajua alistaafu. Nilitaka kusimama, lakini alikuwa ameshaipokea. Safari hii mwalimu aliitazama karatasi. Midomo yake ilicheza akisoma, kisha ikatulia. Aliikunja maandishi yakiwa ndani, akakata matundu mengi kuliko kawaida, akaifungua, akapaka gundi upande ulioandikwa na kuujaza pamba.

"Ya Nelvine ni nzito, itakaa juu kabisa," akasema. "Mama, nishikie ngazi."

Nikamshikia. Bado inaning'inia juu ya mimbari, na kila Jumapili, wimbo wa kwanza ukianza, nainua macho kuona kama pamba imeshika.