Vyombo vya Fedha vya Shangazi Filomena

Watu wa rika langu mliokulia Iringa mtakumbuka kwamba zamani zetu kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na kabati la vioo sebuleni. Ndani yake vilikaa vyombo ambavyo hakuna aliyekula navyo. Glasi zenye maua, sahani za udongo, themosi mpya ambayo haikuwahi kutiwa maji ya moto, na juu ya kabati kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Mtoto ulipita pale ukiwa umebana mikono kifuani, maana mama alikuwa na uwezo wa kusikia kioo kikitikisika hata akiwa kwenye kinyungu, bustani yake ya bondeni, akipalilia maharage.

Lakini kabati la shangazi yetu Filomena, kule karibu na Tosamaganga, halikuwa na mfano wake. Lilikuwa limejaa vyombo vya fedha. Nasema fedha ile ya madini, si ya kutumia dukani, ingawa marehemu kaka yangu Gaspari hakuelewa tofauti hiyo mapema. Akiwa darasa la pili alimwambia mwalimu wake kwamba shangazi ana kabati zima la fedha. Jumamosi yake mwalimu akaenda kumsalimia shangazi, akakaa mpaka chai ikaisha, akageuza geuza kofia yake, akaomba mkopo wa kununulia baiskeli. Shangazi alimwonyesha sinia. Mwalimu akalitazama kwa heshima, akaaga.

Shangazi alikuwa mshonaji. Ujana wake aliumaliza akishona mapazia na magauni ya wake za walowezi wa Kigiriki waliokuwa wakilima tumbaku. Walowezi walipoanza kuondoka, waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, wengine wakaacha tu. Majirani walikimbilia magodoro na majembe. Shangazi alirudi na birika la chai. Safari nyingine alirudi na kopo la maziwa, bakuli la sukari lenye vishikio viwili, sinia lenye zabibu zilizochongwa pembeni, vinara vya mishumaa, na kengele ndogo ya mezani ambayo hatukuelewa ilikuwa ya kumwita nani. Hakuwahi kuolewa, na watu walisema ni kwa sababu ya vyombo vile, eti hakutaka mwanamume wa kuvishika vibaya. Yeye alicheka tu. Alikuwa akigeuza chombo kichwa chini, anatazama alama ndogo zilizogongwa kitakoni, kisha anatuambia, "Hiki ni fedha yenyewe. Kile kimepakwa tu, kitachubuka."

Sisi watoto wa kaka zake tulikuwa tukipelekwa kwake kila likizo. Nakumbuka baridi ya Juni, ukungu umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, nasi tumejikunja jikoni tukila viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Majivu yenyewe hayakutupwa. Shangazi aliyachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama poda, akakamulia ndimu, halafu akatugawia kila mmoja kipande cha flana na chombo chake. Tulisugua huku nje wenzetu wakicheza rede na sisi tukiwasikia. Vidole vilikuwa vyeusi, ndimu inauma kwenye michubuko, na shangazi anapita nyuma yetu akisema, "Sugua taratibu. Humkati mtu kucha." Mwisho wa kazi aliweka vyombo vyote mezani juani, na sisi tulisogea kutazama nyuso zetu zilivyopinda kwenye tumbo la birika. Watoto wa siku hizi wana kamera inayowapa masikio ya sungura. Sisi tulikuwa na birika, na tulicheka vilevile mpaka tukakaa chini.

Siku ya komunyo ya kwanza ya kila mtoto, na siku hiyo peke yake, shangazi alimimina chai kutoka kwenye birika lile. Ilipofika zamu yangu alinimiminia mimi kwanza, kabla ya baba, kabla ya wageni. Mpaka leo nikifunga macho nasikia ile harufu ya tangawizi.

Nimesimulia yote hayo ili mwelewe nilivyojisikia mwaka huu baada ya masika.

Shangazi sasa ni mzee sana. Nyonga ilimsumbua, nikamchukua Januari kuja kutibiwa Mbeya na kukaa kwangu hapa Iyunga. Nyumba yake tulimwachia Festo, mtoto wa Gaspari, pamoja na mkewe Zawadi. Zawadi ni binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Walioana juzi juzi, na mimi nilikuwa nimemwona kwenye harusi tu, akiwa na kucha ndefu za bandia na simu isiyotoka mkononi. Kila jioni shangazi aliniuliza kama kabati limefungwa. Nami nilimjibu, "Limefungwa, shangazi," bila kujua.

Asubuhi moja jirani yake wa kule, Mama Adela, akanipigia.

"Dada Skola, sitaki kuchonganisha watu," alisema, "lakini jana mke wa Festo alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu gunia zima. Nimeingia kuomba chumvi, nikatazama kabati. Jeupe, halina kitu."

Nilimpigia Zawadi, hapatikani. Nilimpigia Festo, naye yuko Mafinga kwenye mashine ya kupasua mbao, anasikia habari hiyo kutoka kwangu. Shangazi alikuwa barazani akiota jua. Nilimwambia naenda Iringa kumwona mgonjwa, na kwa kweli mgonjwa alikuwa mimi.

Njia nzima, kuanzia Makambako mpaka Mafinga, misonobari inapita dirishani, nilikuwa natunga maneno. Maneno ya kumwambia Zawadi yalikuja upesi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Ya kumwambia shangazi hayakuja hata moja. Utamwambiaje mzee kwamba alichokikusanya tangu usichana kimepimwa kwenye mizani pamoja na betri mbovu za gari?

Nilipofika, Zawadi alikuwa uani anaanua nguo. Akapiga goti. "Shikamoo, shangazi. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba," nilisema, nikapitiliza sebuleni. Kabati lilikuwa tupu, vioo vimefutwa vizuri. Nikakaa kwenye kiti.

"Zawadi, vyombo vya bibi viko wapi?"

Alinitazama, akaelewa sura yangu, na uso wake ukabadilika. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya kabati. Ubao wa nyuma haukuwepo tena. Palikuwa na udongo wa mchwa umepanda kutoka sakafuni mpaka rafu ya pili, na nilipogusa mguu wa kabati kwa kidole, kidole kiliingia.

"Nilisikia linalia usiku," alisema. "Festo akasema ni panya. Nikalisogeza mwenyewe, nikaona linataka kuanguka. Nimeviondoa vyote."

"Na gunia?"

"Gunia gani? La sufuria zilizotoboka na pasi ya mkaa iliyooza? Nilimuuliza bibi nilipokuja kumsalimia, kabla hujampeleka Mbeya. Alisema niitoe takataka ile, inazalisha nge."

Akaniingiza chumbani kwao, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Kila chombo kilikuwa kimeviringishwa peke yake kwenye kipande cha kitenge. Vitenge vile nilivitambua, vilikuwa doti moja ya harusi yake, imekatwa. Nikafungua kimoja baada ya kingine. Sinia, vinara, kopo, kengele. Birika lilikuwa la mwisho, linang'aa mpaka nikaona machozi yangu mwenyewe yakinitazama.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Zawadi akasimama pembeni hajui ashike lipi.

"Umesugulia nini, mwanangu?"

"Dawa ya meno," alisema kwa aibu. "Niliona kwenye simu. Halafu simu ikaingia kwenye ndoo ya maji, ndiyo maana hunipati."

Nikampigia shangazi kwa video, kwenye simu ya jirani niliyemwacha naye, nikamwambia ukweli wote, kwa sababu sasa ulikuwa unasemeka. Zawadi akainua vyombo kimoja kimoja mbele ya kamera. Shangazi alisogeza simu karibu mno, sisi tunaona jicho moja tu.

"Mke wa Festo."

"Abee, bibi."

"Dawa ya meno ipi? Nyeupe au ile ya chengachenga?"

"Nyeupe."

"Haya. Ile nyingine inakwaruza." Kisha akaniita. "Skola, niruhusu nirudi nyumbani. Nilikuwa nakaa hapa kwako kwa sababu sikujua huko nina mtu."

Tumemrudisha wiki mbili zilizopita, anatembea kwa fimbo. Festo amechonga kabati jipya la mninga kutoka mabaki ya kule kazini. Mimi nimebaki Iyunga na nyumba yangu imekuwa kimya, malori ya Zambia yananguruma barabarani, nami nalala vizuri kuliko nilivyolala tangu Januari.

Enzi zetu tuliamini mtu anayependa kitu ni yule anayekikalia kimya na kukisugua hadi vidole vinauma. Tulikuwa tukikaa wengi kwenye mkeka mmoja, na leo ningetoa chochote nisikie kelele zile tena, na sauti ya Gaspari ikiwa kubwa kuliko zote. Vijana wa sasa hata chai ya rangi wanaipiga picha kabla ya kuinywa, inapoa, wanalalamika imepoa. Jana Zawadi, kwa simu mpya, alinitumia picha. Shangazi amekaa kwenye jua mlangoni, miguu imefunikwa blanketi, anamfundisha kusoma alama za kitakoni, na kucha ndefu za yule binti zimekatwa fupi. Nimeitazama picha hiyo asubuhi, nikaitazama tena mchana, halafu nikaenda kununua mboga.