Theano Zuka Ashuka Chini

Sitasema uongo, maana mwenyewe yu hai na masikio anayo: Theano Zuka alikuwa na majivuno. Thamani ya sauti yake aliijua tangu ana miaka kumi na minne, siku bibi yake alipopaliwa katikati ya wimbo harusini, yeye akaudaka na asiurudishe tena. Tangu hapo mwanzishaji wa nyimbo kijijini kwetu, huku juu mpakani, akawa yeye. Aliwahi kukatisha wimbo kwenye harusi ya binamu yangu kwa kuwa bwana harusi alikuwa anatafuna. Ikabidi sote tumngoje bwana harusi ameze.

Mimi, Zisi, nilimwimbia chini miaka thelathini na mmoja. Nyimbo zetu hazina chombo cha muziki. Mmoja huanza, wa pili humjibu, na waliobaki hushikilia sauti moja nzito bila kuikata, kama watu walioshika ngazi mwenzao apande. Pumzi tunavuta kwa kupokezana. Mshika ngazi hakuna anayemuuliza jina. Watu wa redio walipokuja kurekodi santuri, waliandika jina la Theano, na la wifi yake Argiro anayemjibu, kisha wakaandika "na wengine". Hao wengine tulikuwa sita.

Baada ya santuri walimwita Athene aimbe na bendi, peke yake. Alikaa siku nne. Aliporudi alisema kule huimbi, unaning'inia tu.

Kisha hao wengine wakaanza kupungua. Wawili walikwenda viwandani Ujerumani, mmoja alimfuata mwanawe mjini Yanina, wawili tukawazika. Mwaka 1979 nilikuwa nimebaki peke yangu chini, na mtu mmoja hatoshi, kwa sababu lazima apumue, na akipumua wimbo unakatika. Mwenyekiti wa kijiji akapata upenyo. Alitangaza kwamba sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, tungeanza moja kwa moja na bendi ya klarineti na vipaza sauti, nyimbo zetu hizi za kuimbwa mezani zipumzike. Theano alimjibu kuwa kinachopumzishwa mwaka huu huzikwa mwaka ujao, na kwamba tarehe hiyo tutaimba, apende asipende.

"Na nani?" mwenyekiti akamuuliza. "Ninyi hamtoshi hata kubeba jeneza."

Tulikuwa watatu, hesabu yake ilikuwa sawa, na ndiyo maana iliuma. Theano alianza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikubali kuimba, ila kila mtu alitaka kuanzisha yeye. Kushikilia chini hawakutaka. Mara koo, mara mgongo. Mwisho alimpata Despo, mke wa dereva wa lori, aliyeolewa kwetu kutoka bondeni. Sauti alikuwa nayo, tena ya kuogopesha. Lakini kushikilia alishindwa kabisa. Wimbo ukipanda, naye huyo, kama mbuzi aliyeona majani. Wiki tatu Theano alimketisha jikoni kwake, akamlisha maharage na matusi. Despo alikuwa akilia, na kesho yake anarudi. Maneno yote aliyashika, na kila kona ya sauti ya Theano aliishika. Ile sauti moja tu ya chini ndiyo iliyomshinda. Siku mbili kabla ya sikukuu Theano alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtukana. Nikaingiwa na hofu.

Siku ikafika. Misa ilipokwisha meza zilipangwa uani mwa kanisa, na mwenyekiti akasimama karibu na vipaza sauti vyake, mkono kwenye swichi. Watu walikuwa wametoka hata vijiji vya ng'ambo ya mto kuja kumsikia Theano. Tukakaa wanne. Ndipo Theano akainuka kutoka kichwani mwa meza, mahali alipokaa bibi yake, akaja kuketi kwenye benchi kando yangu.

"Despo," akasema, "anza."

"Bi Theano, watu wamekuja kukusikia wewe."

"Watanisikia, wakitega sikio chini. Anza, mwanangu, na usiniangalie."

Argiro akafungua mdomo. Kwa umri, zamu ya kuanzisha ilikuwa yake, na alikuwa ameingoja maisha yake yote.

"Wewe wifi, jibu," Theano akamwambia. "Hakuna anayejibu kama wewe. Nimekwambia leo, sirudii."

Despo akaanza wimbo wa mama anayemsindikiza mwanawe ughaibuni. Argiro akajibu. Nikaingia chini, na Theano akaingia pamoja nami. Sauti ile nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo, na sikuwahi kuisikia ikiwa ubavuni pangu. Ilikuwa nzito, imetulia, haijionyeshi hata chembe. Nilijua ilivyomgharimu mwanamke yule, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa nyimbo zake zote. Ubeti wa tatu machozi yakanitoka, sauti yangu ikakatika.

Wimbo haukukatika. Theano aliushikilia peke yake, uso umemwiva, mishipa ya shingo imesimama, hakuvuta pumzi mpaka ubeti ukaisha. Kisha akanipiga kiwiko cha mbavu. Nikaipokea sauti, naye akapumua.