Miguu Yangu na Ziwa ya Chumvi

Mutu wa Bukavu akiona ziwa, anatoa viatu. Leo hiyo tabia imeniletea aibu.

Munajua niko Tunisia kwa masomo. Leo walitupeleka na bisi kuona ziwa ya chumvi, katikati ya jangwa. Masaa ine ya joto na vumbi. Hakuna muti, hata mbuzi moja hakuna.

Ziwa yenyewe iko nyeupe mpaka macho inauma. Pembeni kulikuwa maji kidogo.

Mimi na malengelenge yangu yenye ilipasuka ndani ya viatu, nilikuwa nimechoka sana. Nikaingiza miguu yote mbili, kama vile niko kwa koko, mama ya maman, kule kisiwa ya Idjwi, ku ziwa ya kwetu.

Jamani! Chumvi ikaingia ku vidonda. Nililia kama mutoto mwenye anadungwa sindano. Wenzangu walicheka, simu mukononi.

Dereva, muzee mwenye hasemi sana, akakuja na bidon yetu ya maji ya kunywa. Akaanza kuimwanga yote ku miguu yangu.

"Papa, sasa tutakunywa nini?" nikamuuliza.

"Leta muguu ingine."

Tulirudi masaa ine na kiu. Hakuna mwenye alicheka tena, na hakuna mwenye alinisemesha.

(Chekeni ninyi, lakini muniambie nipake nini.)

Jioni nikamueleza maman ku simu. Akaniuliza:

"Ziwa yote ile, na maji ya kunawa inakosekana?"

"Ndiyo, maman."

"Basi hauko mbali na nyumbani. Huku robinet ya maji imekauka tangu siku ya lundi. Tuko ku mustari na mabidon, na ziwa yetu iko pale chini inatuangalia."