Mama Fagio na Karai la Mawe

Kitendawili! Wengi walipita wakiimba, wachache wakapita wakivunja. Kesho yake nani alisemwa? Usikimbilie kutoa mji. Jibu analo mwanamke huyu anayefagia.

Saa kumi na moja alfajiri, yuko barabarani kati ya kituo cha mabasi na lango la hospitali. Amevaa buti za ngozi, moja imeachama soli kama mamba mwenye njaa. Wenzake humwita Mama Fagio. Ana miaka hamsini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza hapa.

"Barabara ni kama mtoto," anasema. "Unamwogesha asubuhi, jioni anarudi na matope. Utamkataa?"

Mwezi uliopita aliandamana kwenye barabara hiyohiyo. Wodi ya wazazi ya hospitali hiyo imefungwa kwa miezi minane sasa, na nyingine iliyo karibu ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Binti yake ana mimba ya miezi saba. Siku hiyo aliziacha buti nyumbani, akavaa viatu vya wazi.

"Nikajipaka na mafuta, utadhani nimealikwa harusini!" anacheka.

Umati ulifika langoni kwa amani. Hapo wakachomoza vijana kama thelathini, nyuso zimefungwa vitambaa vyeusi. Ni kikundi kinachohubiri kwamba kuzungumza na wakubwa ni usaliti, dawa ni kuchoma tu. Wakavunja madirisha, wakatia moto kibanda cha mlinzi. Jiwe moja likampata Mama Fagio mguuni. Akashonwa nyuzi saba.

"Nilimwambia mmoja, 'Mwanangu, dirisha hilo ni la wodi tunayoidai!' Akanijibu, 'Bibi, kaa pembeni.' Nikae pembeni! Na binti yangu azalie pembeni?"

Jioni, televisheni zilionyesha moto. Nyimbo hazikusikika hata ubeti mmoja.

Kulipokucha alirudi kazini akichechemea. Alijaza magunia kumi na moja ya mabango na chupa za maji. Mawe? Hayakujaza hata karai. Akamng'ang'ania msimamizi wake mpaka yote yakaandikwa kwenye daftari la zamu.

"Taka hazijui kusema uongo," anasema. "Inzi akiingia kwenye maziwa, mtoe inzi. Ng'ombe kakosa nini?"

Ofisi ya mji ilipotaka kuzuia maandamano ya pili kwa sababu ya fujo zile, akina mama wa mtaa walipeleka nakala ya ukurasa ule. Kibali kilitoka juzi. Ni Jumamosi hii, na safari hii wameshapanga watu wa kushikana mikono pande zote, asipenye mwenye kitambaa.

Lakini nyumbani kuna mtu asiye na raha. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyemfunga kidonda usiku na mchana. Tangu kibali kitoke anauliza swali moja, na mkewe anajifanya hasikii.

Saa nne asubuhi, Mama Fagio anaingia uani. Mzee ameketi na sindano yake.

"Mama watoto, leo siku ya tatu nauliza. Jumamosi utakwenda, na mguu huo?"

Anakaa kwenye kigoda. Anafungua kamba taratibu, anavua ile buti iliyoachama, anaiweka mapajani mwa mumewe.

"Nishonee soli, baba. Safari hii sivai viatu vya wazi."