Katibu wa Akili ya Akiba

Hakuna kitu kilichomkera Katibu kama mtu mzima kusema amesahau. Umesahau vipi, na simu unayo mkononi? Yeye mwenyewe alijitangaza kila mahali kuwa hasahau, na ukimuuliza siku hizi atakuambia kwamba hapo ndipo alipoanza kujichimbia shimo, tena kwa sepetu aliyoinunua mwenyewe na kuinoa.

Jina la Katibu lilimganda kazini. Alikuwa mtunza masjala katika ofisi ya maji, kwenye chumba chenye rafu hadi darini na feni inayokoroma, na jalada lolote ulilotaka alikutolea kabla hujamaliza kulitaja. Majalada yalipohamishiwa kwenye kompyuta wenzake walinuna, yeye akajifunza. Ilipokuja akili bandia akajifunza na hiyo, akaanza kuilisha kila kilichopita mbele yake: vikao vya ukoo, maelekezo ya dawa, habari za magazeti, jumbe za sauti za ndugu zake. Mashine inasikiliza, inaandika, inafupisha, inapanga. Ukiiuliza baadaye, inakujibu. Katibu akaona hatimaye duniani kuna akili ya pili iliyo kama yake.

Sasa mtu kama huyo atatulia nyumbani? Thubutu. Akaanzisha kikundi, akakiita Akili ya Akiba, cha watu wanaotumia akili bandia kutunza wanachokijua. Walikutana Jumamosi mchana ghorofani kwenye chuo cha ushonaji, maana mkuu wa chuo alikuwa jirani yake na hakuwa na ubavu wa kumnyima ufunguo. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wamezungukwa na sanamu za kupimia nguo, ambazo kama ujuavyo hazina vichwa. Kufanya mkutano wa akili katikati ya sanamu zisizo na vichwa kulimchekesha kila aliyeingia, isipokuwa Katibu. Yeye siku hizo hakuwa na muda wa kucheka.

Palikuwa na mpima ardhi, mfugaji wa kuku, mwalimu mstaafu wa jiografia, mfamasia na wengine wa kuja na kutoka. Kila mmoja alionyesha jinsi mashine yake inavyomtunzia mambo, wengine wakauliza na kuiga, simu zote zikiwa zinarekodi mkutano. Kwa nini wasifanye hayo kwenye simu, kila mtu kwake? Katibu alisema ana kwa ana mtu hadanganyi. Hiyo ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba alipenda kusimama mbele ya watu, na kwenye simu husimami mbele ya mtu.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, na aliliandika kwa chaki kila mkutano: weka maana, tupa kelele. Rekodi za sauti zinajaza simu, alisema, na ndani yake kuna nini? Vikohozi, vicheko, "yaani" na "yaani" tena. Mashine ikishaandika maana, sauti ni taka. Basi alipita kiti kwa kiti, akachukua simu za watu, akazipanga zifute rekodi zenyewe mara tu maandishi yakikamilika. Ya kwake ndiyo iliyotangulia. Mfamasia peke yake ndiye aliyemshinda, kwa sababu kila mara alipofikiwa simu yake ilikuwa imeisha chaji kwa kurekodi, na alipofundishwa afanye mwenyewe aliitikia kwa kichwa, akaenda kusahau. Simu yake ikawa jaa. Katibu alimtolea mfano mbele ya watu hadi mfamasia akahamia viti vya nyuma.

Huko nyuma alimkuta mume wa Katibu. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mrefu mwenye sauti ya kumfikia mwanafunzi aliye upande wa pili wa uwanja kabla hajagonga ukuta. Alikuja kumchukua mke wake kwa gari la mafunzo, lile lenye breki mbili, na kwa kuwa Katibu hakuwahi kumaliza kwa wakati, alikaa na kutoa maoni. Alitaka kujua kama hiyo akili ya akiba inafungwa buti pamoja na tairi ya spea. Watu walicheka. Katibu aligeuka kwa ukali akamwambia anaharibu rekodi, kisha akautumia uharibifu huo kufundishia: angalieni, hapa kuna kitufe cha kuondoa kelele za nyuma. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa mume wake.

Sauti ya mume wake ilipoanza kukwaruza wakadhani ni kwa kupaza sauti kazini. Haikupona. Daktari aliwaita wote wawili akawaeleza bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe kwenye zoloto, pale sauti inapotokea kooni, na kwamba zoloto lote litatolewa. Mzee atapona, lakini hatazungumza tena kama alivyozungumza. Kisha daktari, mtu mwenye huruma, akashauri wamrekodi mapema, maneno yake, vicheko vyake, chochote, maana familia nyingi huja kuitafuta sauti baadaye na wasiipate.

"Daktari," Katibu akasema, "hapo umefika kwa mwenyewe."

Sentensi hiyo anaikumbuka neno kwa neno, bila msaada wa mashine yoyote, na kila akiikumbuka anatamani ardhi ipasuke.

Basi kila jioni kabla ya chakula aliweka simu juu ya kigoda, akaiegemeza kwenye kikombe, akamwambia mzee azungumze. Mzee akazungumza. Sauti ilikuwa imechoka lakini ilikuwa yake. Alieleza jinsi ya kusikia giaboksi inayokufa kabla haijafa. Aliwausia wajukuu. Alisimulia siku aliyomjua mke wake, mwanafunzi mpya aliyejiamini kupita kiasi, akawasha gari la watu, akaenda moja kwa moja kugonga lango la shule ya udereva, kisha akashuka na kuuliza ni nani aliyeliweka lango pale. Hapo mzee alicheka mpaka akakohoa. Na Katibu, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, alikuwa wapi? Alikuwa ameinamia simu, anaangalia kama mashine inaandika vizuri jina la shule.

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee akarudi nyumbani na kitambaa shingoni na ubao mdogo wa mjukuu wa kuandikia kwa chaki. Alikuwa hai, alikula, alinenepa, na Katibu alimshukuru Mungu kwa dhati. Lakini nyumba ilinyamaza. Hakuna aliyemuuliza kutoka sebuleni kama chai imeenda kuchumwa. Alijikuta akisimama na sufuria mkononi, akisubiri kuchokozwa, na uchokozi hauji.

Siku moja binti yao mkubwa akapiga simu. Mtoto wake anataka kusikia hadithi ya lango, babu mwenyewe akisimulia. Katibu akajibu kwa madaha kwamba hilo ni suala la dakika. Akafungua hazina yake, na kilichomtokea kilikuwa hiki: "Mzungumzaji anaeleza tukio la kugonga lango. Mhusika ni mwanafunzi wa kike. Mzungumzaji anacheka."

Akatafuta sauti yenyewe. Hakuna. Akafungua jioni nyingine, na nyingine. Maandishi safi, yamepangwa, yana vichwa vya habari, na sauti hakuna hata moja. Akaiuliza mashine, nayo ikamjibu kwa adabu zote kwamba rekodi zilifutwa kwa kufuata maelekezo yake. Yake! Mtu mzima hovyo. Alikuwa amempanga mume wake kwenye mafaili na kumtupa palepale.

Akahangaika. Video za sherehe zilikuwa na muziki juu ya kila kitu, mzee anaonekana akifungua mdomo tu. Jumbe za sauti za familia zilishageuzwa maandishi zamani, na binti naye alikuwa amefuta za kwake, kwa ushauri wa nani? Wa mama yake. Katibu akakaa sakafuni jikoni akalia, kitambaa cha vyombo kikiwa mdomoni ili mzee asisikie. Binti akadanganywa kwamba mtandao unasumbua.

Jumamosi akaenda mkutanoni. Alifikiria kujitia mgonjwa, lakini angemwachia nani ufunguo? Akasimama mbele, akachukua chaki, akatazama ubao, akairudisha bila kuandika.

"Nimewafundisha upuuzi," akasema, na akawaeleza yote.

Hakuna aliyecheka. Wakatoa simu, wakaanza kupekua, kwa sababu mzee alikuwa amekaa humo Jumamosi nyingi na lazima sauti yake imeingia mahali. Lakini Katibu alikuwa mwalimu mzuri, mkosi ulioje. Wote walikuwa wamefuta. Kumbukumbu za mwalimu wa jiografia zilisema kwamba mtu aliye nyuma anatoa maoni. Za mfugaji wa kuku hazikumtaja kabisa. Zilisema palikuwa na usumbufu kidogo.

Ndipo mfamasia akanyanyua mkono kutoka kule nyuma, anaona haya.

"Mama, mimi lile somo la kufuta sikuwahi kulielewa," akasema. "Ninazo zote."

Alikuwa nazo zote, na hazikuwa na mpangilio wowote. Hazina majina, hazina tarehe zinazoeleweka, zimechanganyika na miadi ya wagonjwa na nyimbo za watoto wake. Haikubaki njia ila kukaa na kuzisikiliza. Wakasogeza viti, mfamasia akaweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakasikiliza.

Walichosikia kwa sehemu kubwa ya mchana ule kilikuwa Katibu. Katibu anaeleza, Katibu anarudia alichoeleza, Katibu anamkatiza mpima ardhi ili amweleze kuhusu kupima ardhi. Mwenyewe alikaa ameshika shavu. Alikuwa anajiuliza huyu mwanamke hupumua saa ngapi, na hawa watu wamemvumilia kwa imani gani. Na "yaani" alizowakataza wenzake, alikuwa nazo kuliko wote.

Kisha, nyuma ya maneno yake kuhusu mafaili, ikatokea.

"Katibu, mkimaliza kuweka akili akiba, nipeni mmoja mwenye ya kutumia leo aje kusukuma gari. Betri imekufa."

Kicheko cha chumba kizima kikafuata, na juu ya vyote kicheko chake, kile kipana kinachoanza chini na kupanda. Halafu sauti ya Katibu, kavu: mzee, nyamaza, unaharibu rekodi.

Mfamasia alitaka kusimamisha. Katibu akamshika mkono aache. Alilia waziwazi mbele ya kikundi chake na mbele ya sanamu zote, na kwa mara ya kwanza hakujali amesimama au amekaa.

Nyumbani alimkalisha mzee sebuleni, akamwambia alichofanya, bila kujitetea. Kisha akamsikilizisha rekodi aliyopewa na mfamasia. Mzee akaweka kiganja juu ya kitambaa cha shingoni, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Katibu aliogopa, kisha akaona ni kicheko. Mzee akavuta ubao akaandika: "Na hakuna aliyekuja kusukuma."

Wakaihifadhi pamoja. Mashine ikauliza, kama ilivyofundishwa, iondoe kelele za nyuma ili mzungumzaji mkuu asikike vizuri? Katibu akaitazama hiyo meseji kwa hasira, akaandika: ondoa mzungumzaji mkuu, acha kelele.

Kabla hajabonyeza, simu ikachomolewa mkononi mwake. Mzee akafuta ubao kwa mkono wa shati, akaandika taratibu, akamgeuzia.

"Acha zote mbili. Usipokuwepo namchokoza nani?"

Katibu akaacha zote mbili, pamoja na kikohozi cha mwalimu wa jiografia.